Anzia msituni, si vitani

Mdogo wangu, umeuliza insha yako kuhusu George Washington ianzie wapi, vitani au kwenye urais. Mimi ningeanzia msituni. Mwaka 1748, akiwa na miaka 16, alivuka milima ya Blue Ridge pamoja na kundi lililokwenda kupima ardhi ya Lord Fairfax, tajiri Mwingereza aliyemiliki eneo kubwa la Virginia. Mwaka uliofuata akawa mpima ardhi wa Culpeper, Virginia. Kazi ile ilimpa fedha, na zaidi ya hapo ilimwonyesha kwa macho yake udongo mzuri uko wapi. 1750 akanunua ardhi kando ya kijito cha Bullskin Creek, ng'ambo ya milima ile. Hapo andika kwa kirefu, ndipo utajiri wake ulipoanza kuota. Na tafadhali usiwaruke watumwa: alirithi kumi akiwa na miaka 11 tu, baba yake alipofariki.