Wewe mwenye Chromodoris tisa, weka chini hiyo fomalini

Ndugu simama hapo hapo. Umeuliza hao koa wako wa baharini wenye mistari ni wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Chromodoris au Goniobranchus, utumie kitabu gani, upige picha kwa kamera gani, halafu mwishoni ukachomekea eti "jioni nawatia wote kwenye fomalini", ile dawa ya kuhifadhia mizoga. Hicho kimstari ndio kimenifanya niache sahani mezani.

Mi niliwatia 31. Wote, siku moja, nikiwa najiona profesa. Kuna mkubwa mmoja kwenye hii fani, simtaji, aliniambia Chromodoris anajulikana kwa rangi tu, wewe tia fomalini inatunza umbo, mambo ya DNA ni mbwembwe. Kwa umbo hakudanganya, nilipopasua kila kitu kilikuwa mahali pake mpaka radula, ule ulimi wake wa kukwangulia, na vimeno vyake, na matamvua yale kama ua yaliyozunguka tundu la haja (ndio, anapumulia huko huko, msinicheke mimi sikumuumba). Ila rangi yote ikayeyuka, nikabaki na vichupa vya vitu vyeupe kama ute wa yai lililochemshwa, na fomalini ikawa imeshaiharibu DNA, maabara wakanirudishia majibu matupu mara mbili. Miezi 14 ya kuzamia hiyo!

Na rangi yenyewe inadanganya, hasa hao wa mistari myeusi. Spishi mbili tofauti zinavaa sare moja, halafu spishi moja ina watoto wa nguo tofauti, kazi ya vinasaba ya 2018 ilionyesha hivyo kabisa. Mi lebo 17 niliandika quadricolor, jina la spishi moja ya Chromodoris, kisa nimeona ukingo wa chungwa, leo hata moja siwezi kuiapia.

Jenasi yenyewe ya Chromodoris ilianzishwa 1855 na wanasayansi Alder na Hancock, ikageuka kapu, kila koa mrembo anatupwa humo, mpaka 2012 watafiti Johnson na Gosliner wakalimwaga: wengi wakaenda Goniobranchus, wengine wa Atlantiki wakawa Felimida. Hata yule maarufu anayejikata uume baada ya kujamiiana na kuwa na mwingine tayari siku inayofuata, 2013 alitangazwa kama Chromodoris, leo ni Goniobranchus. Kitabu nilichouziwa mimi kilikuwa bado na kapu zima, na muuzaji akasema ni toleo jipya, mjinga ni mimi niliyelipa.

Kwa hiyo: picha kwanza, akiwa hai anatambaa, matamvua nje, rula pembeni. Mlaze kwenye magnesiamu kloraidi mpaka alegee kabisa, ukimgusa hajikunji. Kata kipande cha mkia wa mguu kama punje ya mchele, tia kwenye ethanoli ya 95% kwa ajili ya DNA, namba ile ile ya picha. Mguu nimesema, sio ukingo wa joho, ile ngozi inayomfunika mgongo! Kule pembeni ndiko kuna tezi anakoweka sumu aliyoitoa kwenye sponji, latrunculin A, na mpangilio wa hizo tezi utauhitaji ukija kuchora. Kipande kikishakuwa kwenye ethanoli, mwili huo peleka fomalini ukitaka, hata sigombani na wewe.

Sasa nijibu, hao tisa bado wanatambaa au jioni ilishafika?