Pima Kiu ya Jiwe Kabla ya Kulijenga

Jiwe la Ndarugo, jiwe la kujengea linalochimbwa Kenya, ni majivu ya volkano yaliyogandamana. Limejaa vinyweleo, na maji hulipanda kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Mawe mawili ya rangi moja yanaweza kuwa na kiu tofauti kabisa, kwa hiyo usikadirie kwa macho. Mizani, sinia na saa vinatosha kukupa nambari.

Kata kipande cha sentimita 10 kila upande na utie alama upande utakaolala chini ukutani, kwa kuwa jiwe la matabaka halinyonyi sawa pande zote. Kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 60 hadi 70 mpaka uzito usipungue zaidi ya asilimia 0.1 kwa saa 24. Hapa ndipo wengi hukosea: jiwe lililoanikwa juani tu bado lina maji ndani, nalo litaonekana halina kiu. Likishapoa kabisa ndani ya ndoo yenye kifuniko, paka mbavu zote nne nta ya mshumaa. Ukipaka likiwa moto, nta itazama kwenye vinyweleo na kuziba njia unayotaka kuipima. Juu funika kwa nailoni yenye tundu dogo ili hewa itoke.

Panga vipande vya nondo kwenye sinia, tia maji yapite uso wa chini wa jiwe kwa milimita 3, kisha lishushe likiwa limeinama kidogo ili hewa isinaswe chini yake. Pima uzito dakika ya 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49 na 64. Kabla ya kila kipimo pangusa chini kwa kitambaa chenye unyevu. Kikavu kitanyonya maji kutoka kwenye jiwe. Saa iendelee kukimbia, na jiwe lisikae nje ya maji zaidi ya sekunde 15. Ongeza maji yakipungua.

Dakika hizo zina sababu. Wanasayansi Lucas mwaka 1918 na Washburn mwaka 1921 walionyesha kwamba umbali ambao maji hufika hukua kwa kipeuo cha pili cha muda: mvuto wa vinyweleo haubadiliki, lakini njia iliyokwisha kujaa huzidi kurefuka na kuyakwamisha maji yanayofuata. Vipeuo vya dakika zako ni 1 hadi 8, hivyo ukichora grafu ya maji yaliyonyonywa dhidi ya kipeuo cha muda, nukta zitapangana kwa nafasi sawa.

Kwa uso wa sentimita 100 za mraba, gramu 10 ni milimita 1 ya maji. Tuseme uzito umeongezeka gramu 40 dakika ya 4, 60 dakika ya 9, na 80 dakika ya 16. Mteremko wa mstari wa grafu ni milimita 2 kwa kila kipeuo cha dakika. Kufikia dakika ya 100 jiwe litakuwa limenywa milimita 20. Kama nafasi inayojaa maji ni asilimia 30 ya ujazo wake, maji yamepanda kama milimita 67. Lipasue wakati huo uone. Mstari wa unyevu ukiwa juu zaidi, sehemu ya vinyweleo haikujaa kwa sababu hewa imenaswa humo.

Mstari wa grafu ukipinda kuelekea chini mwishoni, maji yamefika juu. Tupa nukta hizo. Ukianza juu sana ya sifuri, shuku nta iliyobanduka. Andika pia joto la maji: kutoka nyuzi 15 hadi 25 mnato hupungua, na mteremko hupanda kwa takriban asilimia 12. Kipimo cha asubuhi ya Julai kisilinganishwe na cha mchana wa Februari.

Ukutani, maji husimama pale yanayopanda yanapolingana na yanayokauka kupitia uso wa ukuta. Kimo hicho hufuata mteremko wako, na hukua kwa kipeuo cha pili kadiri ukaukaji unavyopungua: punguza ukaukaji hadi robo, kimo huongezeka maradufu. Ndiyo maana hatukubaliani kamwe na kufunika ukuta wenye unyevu kwa vigae au rangi isiyopitisha maji. Unyevu hautoki, unasukumwa juu, na chumvi zake hubandua rangi mahali papya.

Kwa ukuta mpya, ile karatasi ya lami ya kuzuia unyevu usipande, ambayo mafundi huiita DPC, ienee upana wote wa ukuta, ipishane sentimita 15 kwenye maungio, na ikae angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Kisha msimamie fundi wa plasta: plasta ikiivuka karatasi hiyo na kugusa udongo, nayo ina vinyweleo, na maji yatapita humo kuingia kwenye jiwe la juu.