Sungura wachanga wanaokataa nyasi kavu
Hongera kwa hao sungura wawili, dada. Umesema wana wiki 10, pelleti (vile vipunje vya chakula cha dukani) wanamaliza bakuli zima halafu nyasi kavu wanazikanyaga tu. Mara nyingi shida iko hapo kwenye bakuli: wameshashiba. Usiwakatie ghafla, matumbo yao bado machanga. Punguza pelleti kidogo kidogo, uwape asubuhi na jioni tu, nyasi ziwepo saa zote.

Kisha zinuse mwenyewe. Nyasi nzuri zina ukijani na harufu tamu. Zenye vumbi au ukungu tupa, hata kama umenunua robota zima. Aina ya nyasi iitwayo Boma Rhodes inafaa, na kwa umri huo unaweza kuchanganya lusini (alfalfa, mmea wa malisho wa jamii ya kunde), ila wakifika miezi 6 hivi uiondoe taratibu maana ina kalsiamu nyingi.

Ujanja ninaouamini kuliko wote: rundika nyasi pale pale wanapojisaidia. Sungura hupenda kutafuna akiwa chooni, ndivyo alivyo! Ficha majani machache ya dania katikati ya rundo, watafukua huku wakitafuna.

Angalia mavi pia. Yakikoma, au mmoja akigoma kula kwa nusu siku, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.