Yadi 700 Zilizoniaibisha Mbele ya Shemeji

Juzi msomaji mmoja wa Minneapolis kaniandikia: "Kaka, hapa kazini tunabishana kila siku juu ya makotabeki wawili wa vyuo, wale warusha pasi wa futiboli ya Marekani. Mwenzangu ana namba nyingi kuliko mimi. Nisaidie nimfunge mdomo." Nikacheka, kisha nikanyamaza. Namba nyingi mimi nilikuwa nazo mwaka 2018, na aliyefungwa mdomo nilikuwa mimi.

Mnaoishi huku mnajua, ukitaka usikilizwe kazini siku ya Jumatatu, futiboli ya Marekani lazima uijue. Msimu ule vyuoni kulikuwa na mafahali wawili: Kyler Murray wa Oklahoma na Tua Tagovailoa wa Alabama. Murray alisoma sekondari pale Allen, si mbali na kwangu Dallas, kwa hiyo nilimhesabu mtoto wa nyumbani. Shemeji yangu aliwahi kuishi Birmingham, na mtu akishaishi Alabama, hata kwa muda mfupi, hutoka huko na dini mpya.

Kabla ya Tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, nikachora jedwali. Murray: yadi 4,053 za pasi, tachidauni 40 (pasi zilizofikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani). Tua: yadi 3,353, tachidauni 37. Tofauti ya yadi 700! Nikalichapa kwa rangi (kwa mashine ya ofisi, msiniulize) na kwenda kulibandika kwenye friji ya shemeji. Tarehe 8 Desemba Murray akachukua tuzo. Wiki tatu nzima nilitembea kama mtu aliyeshinda yeye.

Halafu ikaja tarehe 29 Desemba, Orange Bowl, nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, Alabama na Oklahoma uso kwa uso. Sebule ya shemeji imejaa watu, pilau iko mezani. Kabla sijamaliza sahani, Alabama 28, Oklahoma 0. Tua alirusha pasi 27, zikadakwa 24. Tachidauni nne. Murray alipigana, pasi 19 kati ya 37, na kwa miguu akapata yadi 109, lakini mchezo uliisha 45–34.

Shemeji hakupiga kelele, na hicho ndicho kilichoniuma. Alikwenda jikoni, akarudi na karatasi yangu na kalamu. "Shem, huyu wako alirusha mara ngapi?"

Sikuwa nimeandika. Tukatafuta kwenye simu mbele ya wageni wote. Kabla ya mchezo huo Murray alikuwa amerusha mara 340, Tua mara 294. Tukagawanya: yadi 11.9 kwa kila pasi, na 11.4. Zile yadi 700 zangu zikabaki nusu yadi. Nusu yadi, jamani, hata mtoto anayejifunza kutembea anaimaliza kwa hatua mbili. Mama mmoja pale, ambaye mpira wenyewe haufuati, alinipa pole.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Minneapolis, gawanya kwanza. Jumla ni sifa ya aliyerusha sana, siyo ya aliyerusha vizuri. Na ukishagawanya, uliza kwa nini mmoja alirusha zaidi. Alabama walikuwa wakiongoza kwa mbali, Tua anapumzishwa, robo ya nne anaitazama benchini. Oklahoma ulinzi wao ulikuwa unavuja kama paa la makuti ya zamani. West Virginia waliwapachika pointi 56, Oklahoma wakashinda 59–56 tu. Pointi 59 na bado roho mkononi! Murray angeacha kurusha saa ngapi? Tena timu hizo mbili, kabla hazijakutana, hazikuwa zimecheza na mpinzani hata mmoja wa pamoja, na mimi nikalinganisha kama vile walipigiana kwenye uwanja mmoja.

Jingine, usichukue mchezo mmoja ukaufanya fimbo. Kwenye fainali ya SEC, ligi ya akina Alabama, dhidi ya Georgia, Tua alipata pasi 10 kati ya 25, mbili zikanaswa na wapinzani, nami nikaimba hilo mwezi mzima. Shemeji naye akaimba 24 kati ya 27. Tarehe 7 Januari, kwenye fainali ya ubingwa wa vyuo, Clemson wakaipiga Alabama 44–16, nyumba ikawa kimya. (Nilifurahi. Sitawadanganya.) Watu wazima tulikuwa tunabadilika kila wiki kama bei ya nyanya, halafu tunaita huo uchambuzi. Tuache. Mtu anayetaka kuheshimiwa kwa hesabu zake akubali hesabu hata inapomkana, na ninawaambia hili kama mtu aliyebeba karatasi ya rangi hadi kwenye friji ya watu.

Baada ya msimu nilijifunza hesabu wanayotumia vyuoni kumpima mrushaji. Yadi mara 8.4, tachidauni mara 330, pasi zilizodakwa mara 100, unajumlisha. Unatoa zilizonaswa mara 200, kisha unagawanya kwa pasi zote alizorusha. Fanya kwa mkono walau mara moja, utaona kunaswa mara moja kunavyofuta zile mia mia za pasi mbili zilizodakwa. Murray alimaliza na 199.2, Tua 199.4. Asilimia ya pasi zilizodakwa: 69.0 na 69.0. Tulinuniana miezi mitatu kwa ajili ya watu wawili wanaolingana hivyo!

Ila juzi, baada ya kumjibu huyo msomaji, nilikumbuka kitu ambacho kipimo hicho hakihesabu kabisa: miguu. Msimu ule vyuoni kotabeki akiangushwa kabla hajarusha, yadi alizorudishwa nyuma zilikatwa kwenye yadi zake za kukimbia. Hata baada ya makato hayo, Murray alimaliza msimu na yadi 1,001 za kukimbia. Tua 190. Zikagawanywe zinavyotaka kugawanywa.

Nikamtumia shemeji namba hizo mbili tu, bila salamu. Tiki zimekuwa za bluu tangu Jumanne.