Nyumba inavuja Raskazone, mwenyewe yuko Dar: droni itaona nini?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi naishi Dar es Salaam, ila nyumba ya marehemu baba iko Raskazone, Tanga, na mama ndiye anayekaa humo. Ilijengwa 1988, bati za migongo midogo. Jiko liliongezwa ubavuni miaka kadhaa baadaye, paa lake liko chini kidogo ya paa la nyumba kubwa. Tangu masika ya mwaka juzi kunavuja kwenye kona ya sebule iliyo upande wa jiko. Si kila mvua. Ikinyesha wima mama halalamiki, ikija na upepo anatandaza mabeseni. Fundi wetu alipanda akapaka lami, haikusaidia kitu, na sasa anasema paa zima limekwisha, tuezue tuezeke upya. Kuna kijana ana droni, anataka laki moja na nusu, anasema ana kamera ya joto itakayomwonyesha maji yanapoingilia. Je, nimlipe? Na nimwamini nani kati ya hao wawili?

JIBU: Marahaba dada yangu, na mama mpe pole ya mabeseni.

Mlipe kijana, lakini usimlipe kwa hicho anachokuahidi. Droni haioni maji yanapoingilia. Inaona mgongo wa paa, basi. Maji yakishapenya chini ya bati hayadondoki hapo hapo. Yanashika papi (mbao zinazopigiliwa bati), yanateremka na kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), yanasafiri mita mbili tatu, ndipo yanapata mahali pa kuangukia kwenye dari. Doa la sebuleni ni mwisho wa safari. Kwa hiyo picha ya juu bila mtu wa kuchungulia darini ni nusu ya kazi, na fundi aliyepaka lami juu ya doa alikuwa anatibu kivuli.

Tena wewe mwenyewe umeshaandika jambo kubwa kuliko litakaloletwa na droni yoyote: mvua ya wima haivuji, mvua ya upepo inavuja. Tundu halichagui mvua. Bati likitoboka, hata manyunyu yataingia. Paa linalovuja kwa upepo tu mara nyingi bati zake ni nzima, na kasoro iko kwenye maungio: bati zinapolaliana, chini ya kofia (bati linalofunika kilele cha paa), pembeni kwenye fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa), au pale paa la chini linapogusa ukuta wa nyumba ya juu. Na nyie mnalo jiko lililoongezwa baadaye, upande ule ule wa kona inayovuja. Ningekuwa mtu wa kubeti, pesa yangu ningeiweka hapo. Mafundi wengi wakiunganisha jiko na ukuta wa zamani wanasukuma bati mpaka liguse, wanaziba kwa plasta, wanaondoka. Bati linatanuka kwa jua na kusinyaa usiku. Bati la mita 6 likipata tofauti ya nyuzi joto 40 kati ya alfajiri na mchana linarefuka karibu milimita 3. Plasta haijui kurefuka. Inapasuka, na upepo wa kusi ukipiga, maji yanasukumwa ndani ya ufa hata kama ufa wenyewe haupitishi kadi ya simu.

Ndiyo maana nataka umpe kijana maelekezo kabla hajawasha mashine. Akipiga picha kutoka juu wima tu, ule mwungano wa jiko na ukuta hautaonekana kabisa, utakuwa mstari. Lazima ashuke, ainamishe kamera, apige kwa mshazari kutoka upande wa jiko, kisha kutoka kila ncha ya ukuta.

Na ashuke kweli. Hapa ndipo wateja wengi wanapodanganyika, kwa sababu picha ya droni kutoka juu inapendeza na mtu anadhani amekagua. Chukua kamera ya kawaida ya droni ndogo, yenye megapikseli 12. Ikiwa mita 30 juu ya paa, pikseli moja inafunika kama sentimita nzima ya bati. Kichwa cha msumari wa bati kina upana wa kama sentimita 2, kwa hiyo kwenye picha hiyo ni vidoti viwili. Utajuaje kama umenyanyuka? Akiwa mita 10, pikseli inafunika milimita 3 na nusu hivi: utaona mistari ya kutu, bati lililopinda, kofia iliyohama. Akiwa mita 3, ni milimita moja, na sasa unaona mpira mdogo chini ya kichwa cha msumari kama upo au umeliwa na jua. Kuruka mita 3 juu ya bati kunataka mkono uliotulia. Muulize amewahi kufanya hivyo kwenye nyumba ngapi. Kama kazi yake ni harusi na matangazo ya viwanja, si dhambi, ila mwambie aende taratibu.

Kamera ya joto sasa. Sisemi kijana ni tapeli. Huenda amesoma mahali kwamba kamera hizi zinaonyesha unyevu kwenye mapaa, na ni kweli, lakini ni mapaa ya zege na yale yenye tabaka zinazofyonza maji. Zege likilowa linashika joto la mchana, na jua likizama sehemu iliyolowa inapoa kwa kuchelewa kuliko iliyo kavu, basi inajitokeza kwenye picha. Bati halifyonzi kitu. Ni jembamba, linapoa ndani ya dakika chache, na likiwa bado linang'aa linafanya kama kioo: kamera inasoma anga badala ya bati. Utapewa picha nzuri ya zambarau na njano isiyokuambia lolote. Kama anayo kweli kamera hiyo, aingie nayo sebuleni siku moja baada ya mvua ya upepo, aelekeze kwenye dari. Dari lililolowa linapoa maji yanapokauka, na hapo ataweza kukuchorea njia ya maji kuanzia kwenye doa kurudi yanakotoka. Kwa kazi hiyo ningemlipa bila kinyongo.

Kuna kitu kingine ambacho droni haitakionyesha, na sisi watu wa pwani kinatuhusu kuliko watu wa Lushoto. Chumvi. Hewa ya Raskazone imebeba chumvi ya bahari mchana na usiku, inatua juu ya bati na chini yake. Ya juu inaoshwa na mvua. Ya chini, hasa pale bati linapotokeza nje ya ukuta, haioshwi na mtu. Inakaa, inavuta unyevu, inakula zinki, kisha inakula chuma. Nimeona bati ambalo juu lilikuwa na rangi yake safi, na nilipoligusa kwa chini vidole vilipita. Kwa hiyo mwambie mtu mwepesi wa nyumbani aingie darini saa sita mchana, jua kali, azime tochi, asubiri dakika mbili macho yazoee. Matundu yote yatawaka kama nyota. Ayahesabu, apige picha na simu. Aangalie pia mbao: alama nyeusi ya maji kwenye papi inaonyesha maji yalikopita, na hilo halifutiki hata kiangazi. Akanyage kenchi tu, asikanyage dari, tusije tukawa na mgonjwa.

Na asije mtu akakutisha kwa madoa ya kahawia kwenye picha. Hili nalisema kwa aibu. Miaka ya mwanzo nilipoanza kutumia droni nilimwambia mzee mmoja wa Chumbageni kwamba bati zake mpya zimeoza, doa kila mahali, arudi dukani akadai. Alipanda kijana wake na kitambaa kibichi, akapangusa, madoa yakaondoka. Yalikuwa unga wa chuma wa grinda: mafundi walikata bati juu ya paa, unga ukabaki, ukashika kutu wenyewe. Tangu siku hiyo, doa nililoliona kwa kamera naliita doa. Kuliita kutu nasubiri mpaka mtu aliguse.

Muda wa kuruka: asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu. Upepo wa bahari haujaamka, na jua la chini linatengeneza vivuli, kila msumari ulionyanyuka unaweka kivuli chake kirefu, kila bati lililobonyea linaonekana. Saa saba mchana bati linarudisha mwanga wote kwenye kamera, na upepo wa Raskazone saa hizo si wa kuchezea. Droni ndogo zisizofika gramu 250 zinatajwa kuhimili upepo wa mita 10 kwa sekunde hivi, lakini kutoanguka si sawa na kupiga picha kali. Asirushe kutokea juu ya bati wala juu ya sakafu yenye nondo nyingi. Chuma kinaivuruga dira yake, inaweza kuondoka kwa upande kama mlevi. Aangalie waya wa umeme unaoingia nyumbani, kwenye skrini ya simu hauonekani mpaka umeshaugonga. Halafu kunguru. Wa Tanga hawana adabu, na msimu wa kutaga wanaifuata droni kwa kundi. Wakianza, apande juu haraka au atue. Wao kupanda wima kwa kasi hawawezi.

Kibali umesahau kuniuliza, nakukumbusha mimi. Droni inasajiliwa na kibali cha kurusha kinatoka TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo ina sauti yake. Mwambie akutumie picha ya karatasi zake kabla hujatuma hela. Usiseme ni kanyumba tu. Tanga ina uwanja wa ndege usio mbali na mji, ina bandari, na ng'ambo ya pili, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta kutoka Hoima. Droni isiyo na karatasi ikionekana angani huku, mama ndiye atakayegongewa mlango na maaskari. Majirani nao waambiwe jana yake, kwa kugongewa hodi, siyo kwa ujumbe. Kuna watu wana mabafu ya uani yasiyo na paa, kuna dada wanakaa uani bila mtandio kwa sababu ni kwao. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, hayo ni mambo ya ujirani. Kamera itazame paa lenu, na picha yenye uani wa mtu ifutwe pale pale.

Usikubali video. Video ni ya kuonyesha wajomba. Taka picha mnato: moja ya paa zima, kisha kila mteremko kwa vipande vinavyoingiliana, kisha kofia yote kutoka ncha hadi ncha, kingo zote, gata, na mwungano wa jiko ambao usipokuwepo usimalizie malipo. Majina ya mafaili yaseme upande: bahari, barabara, jiko. Azitume kama dokumenti au kwa flashi, asizitume kama picha za kawaida za WhatsApp, kwa sababu WhatsApp inazibana na ile milimita moja uliyoilipia inapotea. Faili halisi lina faida nyingine kwako uliye mbali: ndani yake mna tarehe, saa na alama ya ramani (GPS) ya mahali ilipopigwa. Utajua kama ni paa lenu, na kama ni la leo.

Kuhusu fundi na shauri lake la kuezua. Simwiti mwongo. Bati la tangu 1988 mita chache kutoka baharini limekula chumvi ya kutosha, na inawezekana mteremko unaotazama bahari umechoka kweli. Lakini aliyepanda mara moja na kopo la lami hajakagua. Picha zikija na hesabu ya nyota ikija, ziweke pamoja. Nyota zikiwa chache na zimejikusanya upande mmoja, badilisha upande huo, ukihakikisha bati jipya lina mgongo sawa na la zamani, maana migongo isiyolingana ni uvujaji mwingine wa kununua. Zikitapakaa paa zima, na vidole vikipita kwenye kingo, basi fundi atakuwa amesema kweli kwa bahati, na anza kuweka hela ya bati.

Kabla ya hayo yote kuna jaribio la mpira wa maji, na gharama yake ni maji tu. Mtu mmoja darini, mwingine nje na mpira. Anaanza chini kabisa kwenye kingo ya bati la jiko, anamwagia dakika kumi sehemu moja, anapanda kidogo, dakika kumi tena, mpaka afike kwenye ukuta, na hapo auelekeze mpira kwa ubavu kama upepo wa kusi unavyopiga. Asianzie juu, maji yakishuka yatapita kwenye makosa yote kwa pamoja na hutajua lipi ni lipi. Wa darini akipiga kelele, wa nje aweke alama ya chaki.

Ukipata picha, nianzie na ile ya jiko. Nyingine zinaweza kusubiri.