Jibu: Je, Nyiragongo ndiyo inayopasha dunia joto?

Ndugu, umeuliza kama Nyiragongo, volkano yetu hapa Goma, Kongo, ndiyo inayoleta joto la dunia, kwa kuwa mwalimu wenu wa mwaka wa kwanza alisema volkano hutoa hewa ya ukaa. Kutoa, inatoa kweli. Hewa hiyo sisi wa Goma tunaijua kwa jina la mazuku: ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama mabondeni na kuua mbuzi, hata watu. Lakini jumlisha volkano zote za dunia, hazifikii asilimia 1 ya ile tunayotoa binadamu kila mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Halafu kuna ushahidi ninaoupenda zaidi. Mimea huchagua kaboni-12, kaboni nyepesi, kuliko kaboni-13, iliyo nzito kidogo, na makaa ya mawe ni mimea ya kale, kwa hiyo moshi wake una kaboni-13 kidogo. Kiwango cha hewa ya ukaa angani kimepanda kutoka sehemu 280 kwa milioni hadi zaidi ya 420, huku uwiano wa kaboni-13 ukishuka. Ingekuwa kazi ya volkano, usingeshuka hivyo.

Tena mlipuko mkubwa hupoza! Pinatubo, volkano ya Ufilipino, 1991, salfa yake ilikinga jua, joto la dunia likashuka karibu nusu digrii kwa muda. Hapo ndipo wengi hukosea kwenye mtihani.