Asilimia 30 kwa saa nzima: inafanya kazi au imeganda?

Ukianza fildi au kazi ya TEHAMA kwenye ofisi yoyote hapa Dodoma, iwe Mtumba au mjini, simu ya Jumatano asubuhi utaizoea: "Fundi, kompyuta imeganda, iko asilimia 30 tangu nifike." Mara nyingi haijaganda. Microsoft hutoa masasisho ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu huwa ni saa 2 au saa 3 usiku, kutegemea majira ya kwao. Kompyuta zilizolala zimezimwa huanza kupakua asubuhi zinapowashwa, zote kwa mpigo, kwenye mtandao mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, jua kwanza kama ni uzito au ni kukwama. Asilimia za kwenye skrini haziendi sawa na saa. Inaweza kukaa 30 dakika arobaini, kisha ikaruka hadi 70. Tazama taa ya diski, ile ndogo iliyo jirani na kitufe cha kuwashia. Ikipepesa, hata kwa kusuasua, kazi inaendelea. Laptopu nyingi za sasa hazina taa hiyo: sikiliza feni, na kama ni hadidiski ya kuzunguka, sogeza sikio karibu na pale kiganja kinapokaa usikie mkwaruzo. Bonyeza pia Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, mfumo bado unakusikia.

Kwenye SSD (diski isiyozunguka), hatua ya baada ya kuristati huchukua kama dakika 10 hadi 30. Kwenye hadidiski ya zamani na RAM ya GB 4, saa mbili nzima si ajabu. Kiangazi nacho kina mchango wake, maana upepo wa hapa hujaza vumbi kwenye feni, prosesa hupata joto na kujipunguzia kasi yenyewe. Ukipuliza vumbi, zima mashine na uzuie mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke.

Kitufe cha pawa kiache hadi zipite saa tatu bila dalili hata moja. Hapo ndipo unakibonyeza na kukishikilia sekunde 10. Ukiwahi, unakata mafaili ya mfumo yakiwa nusu yamebadilishwa. Ukiwa na bahati, Windows itarudi ilikokuwa, na safari hiyo ya kurudi ni ndefu vilevile na haikatizwi. Windows isipofunguka kabisa, iwashe mashine na kuikata mara tatu mfululizo ikiwa inaanza kufunguka. Itafungua menyu ya ukarabati, na humo unaweza kuondoa sasisho la mwisho. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, mwenye mashine awe na ufunguo wake wa tarakimu 48, la sivyo mtaishia mlangoni.

Umeme ukikatika, UPS ndogo ya kompyuta ya mezani hushika dakika chache tu, zinazotosha kuzima kwa utaratibu, si kumalizia sasisho. Siku umeme unachezacheza, ahirisha.

Ikikwama kwenye kupakua, hilo ni jambo jingine na halina hatari. Kama inatumia hotspoti ya simu iliyowekwa kuwa muunganisho wa kipimo (metered connection), Windows huweza kuacha kupakua kwa makusudi ili isile bando. Namba ya kosa 0x80070070 maana yake diski imejaa. Bakiza GB 20 wazi. Utashangaa nafasi inayoliwa na video za harusi kwenye kompyuta ya ofisi, lakini mwombe mwenyewe azihamishe, usifute wewe.

Nafasi ikiwepo na mtandao ukiwa mzima, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, usimamishe kwanza huduma mbili za sasisho, ukiandika mstari mmoja mmoja:

net stop wuauserv
net stop bits

Nenda C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, futa vilivyomo ndani, folda yenyewe iache. Rudisha huduma kwa net start wuauserv na net start bits, kisha jaribu tena. Ikigoma, rekebisha mafaili ya mfumo: endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na ikimaliza, sfc /scannow. DISM inahitaji intaneti, na ina tabia ya kusimama kwenye 62.3 kwa muda mrefu. Iache.

Ofisi yenye kompyuta 20, sasisho la GB 1 linakula GB 20 kila moja ikijipakulia. Washa Delivery Optimization kwa mtandao wa ndani pekee, zigawiane zenyewe. Na Windows 10 isiyopata sasisho jipya haijakwama: huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Ukiona 0x80072F8F, usihangaike na folda. Tazama saa. Kompyuta inayoamka kila siku ikidai ni mwaka 2015 hukataa vyeti vya usalama vya seva, kwa hiyo haiwezi kupakua chochote. Kwenye kompyuta ya mezani, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, sukuma kibanio cha betri ya CR2032, ile ya duara inayotunza saa kompyuta ikizimwa, kwa bisibisi bapa, itajirusha yenyewe. Weka mpya, alama ya kujumlisha ikitazama juu, kisha rekebisha tarehe.